"Bila ukali wodi haiendi": tafadhali tuache kusema hivi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mafunzo ya wasimamizi wa hospitali hapa Kisumu, tulikuwa watu kama arobaini hivi, wakuu wa hospitali, masista inchaji, wafamasia, wahasibu, na hata chai ya saa nne haijaletwa daktari mmoja akasimama akasema: "Bila ukali wodi haiendi, hawa watu ukiwachekea wanalala." Ukumbi ukapiga makofi. Hayo maneno nimeyasikia tangu nikiwa intani, yaani daktari mpya kwenye mafunzo, Nakuru nimeyasikia, Kakamega nimeyasikia, na yananiudhi kwa sababu wanaoyasema ni watu wanaojali wagonjwa kweli. Wacha niandike.

Mimi ni daktari wa usingizi. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, nakaa upande wa kichwa cha mgonjwa, na wakati mpasuaji macho yake yote yako ndani ya tumbo mimi nasikia chumba kizima, nasikia nani amevuta pumzi akitaka kusema kitu halafu akakirudisha.

Miaka kadhaa nyuma, hospitali ambayo sitaitaja, usiku, operesheni ya tatu ya kujifungua mfululizo. Mpasuaji alikuwa na mikono mizuri sana. Mwanzoni tu alimfokea sista aliyekuwa anatuletea vitu, kisa uzi wa namba ambayo hakuitaka, akamuuliza mbele ya wanafunzi, "Wewe nani alikupa cheti?" Wakati wa kufunga, namwona yule sista ameinama kwenye beseni anaonyesha mopu, vile vitambaa vya kunyonya damu, na kidole moja moja, anaenda kwa ubao wa hesabu, anarudi kwa beseni, anaenda ubaoni tena. Halafu kwa sauti ya chini: "Daktari, tungehesabu tena?" Mpasuaji hakuinua kichwa. "Sasa hata kuhesabu nikufundishe?" Sista akaandika hesabu iko sawa. Mama mwenyewe alikuwa macho, tulikuwa tumemchoma sindano ya mgongo tu, alisikia yote, akaniangalia akaniuliza, "Kuna shida?" Nikamwambia hakuna. Hilo neno langu bado ninalo. Baada ya wiki mbili alirudi na homa na tumbo limevimba, akafunguliwa, mopu ikatolewa. Nashukuru Mungu alipona.

Sasa ukifungua rejista ya usiku ule utakuta thieta haina kosa hata moja. Hii ndio sababu mkuu wa hospitali akiniambia kwa fahari "kwangu ripoti za makosa ni sufuri" mimi napata wasiwasi. Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alichapisha mwaka 1996 utafiti wa makosa ya dawa kwenye wodi, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Akakuta zinaripoti makosa MENGI zaidi. Maelezo yake ni kwamba kwenye timu hizo watu hawaogopi kusema. Kwa hivyo kama unapima wodi kwa ukimya wake unapima woga.

Na si kunyamaza tu, hata akili inapungua. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walichukua timu 24 za wodi za watoto njiti wakawapa zoezi la mtoto ambaye utumbo wake umeanza kuharibika. Timu zingine zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa "mtaalamu mgeni" na zingine hazikusikia. Zilizodharauliwa zilitambua ugonjwa vibaya zaidi na hata kazi ya mikono ikawa mbovu zaidi. Haya, lilikuwa zoezi, sio wodi yenye wagonjwa wa kweli, na sijui athari hiyo inakaa saa ngapi. Lakini wewe mwenyewe umefokewa saa mbili asubuhi, unajua saa sita ulikuwa unafikiria nini.

Hapa ndipo mtu huniambia "sawa daktari, kwa hivyo niwe mpole?" na hapa ndipo nakasirika zaidi, manake upole peke yake hautoshi na watu hawataki kukaa na hii sehemu.

Mwaka 2005 huko Uingereza mama anaitwa Elaine Bromiley aliingia thieta kwa operesheni ndogo ya pua. Njia ya hewa ikakataa. Madaktari walioitwa walikuwa wazoefu, na sijasoma popote kwamba kuna aliyemtukana mtu. Waliendelea kujaribu kupitisha mpira wa hewa kooni huku oksijeni iko chini kupita kiasi. Sista mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo akawaambia viko tayari. Mwingine alienda kutafuta kitanda cha ICU, aliporudi madaktari walimwangalia kama mtu aliyezidisha mambo, akaghairi kile kitanda. Masista walikuwa wameona. Elaine alifariki baada ya siku 13, na mume wake, Martin, ambaye ni rubani, hakutafuta wa kufungwa, alitaka hospitali zijifunze jinsi marubani wanavyofunzwa kusikiliza walio chini yao. Umeona? Hakuna ukali hapo. Cheo peke yake kilitosha kunyamazisha chumba. Sasa ongeza kwenye hicho cheo mtu anayefokea watu, halafu ongeza malezi yetu ya huku, ambapo mkubwa hakatizwi maneno na kumsahihisha mbele ya watu ni kukosa adabu, uone kinachobaki.

Kinachobaki ni kuzungukazunguka. Sikiliza simu ya saa nane usiku kutoka mataniti, wodi ya akina mama wa kujifungua:

"Daktari, pole kukuamsha. Yule mama wa kitanda cha saba. Presha iko sawa, lakini simpendi vile anakaa."

"Presha ngapi?"

"Mia na kumi kwa sabini."

"Sasa umeniamshia nini?"

"Pole daktari, nitaendelea kumwangalia."

Nimesikia hiyo simu kutoka pande zote mbili. "Simpendi vile anakaa" ni sista wa miaka kumi na tano kazini anakwambia mama anavuja damu. Ameona amekuwa baridi, anaomba maji kila saa, hatulii kitandani, mpigo umepanda kutoka 84 hadi 126. Mama kijana anaweza kupoteza karibu lita moja presha ikiwa bado inakudanganya, ikishuka umechelewa. Daktari alitakiwa kuuliza swali moja tu, "umeona nini?" Badala yake akaomba namba moja, akapata namba nzuri, akalala. Na yule sista amejifunza kwamba next taimu angoje presha ishuke ndio apige. Hakuna aliyetukanwa hapo. Daktari amechoka tu. Lakini amefunza wodi nzima, kwa sababu hiyo hadithi saa moja asubuhi iko kwa chumba cha chai.

Kwa hivyo tuna kazi mbili. Wanaosema, tuwafunze kusema wazi: "Daktari nina wasiwasi. Naona si salama. Nakuomba uje." Tunafanya mazoezi ya hayo maneno kwa sauti, wawili wawili, kwa sababu mdomo ambao haujawahi kuyatamka hautayatamka usiku. Lakini sitaki kuweka mzigo wote kwa mdogo, hiyo nayo naona ni uonevu. Kazi kubwa ni ya mkubwa, kujifunza kusikia lugha ya heshima. "Samahani daktari." "Sijui kama ni mimi tu." "Tungehesabu tena?" Ukisikia hizi, simamisha mkono.

Mengine ni ya haraka. Kosoa kazi kando, sifu mbele ya watu. Kwenye raundi, intani aongee kwanza, konsaltanti, yaani daktari bingwa, mwisho, kwa sababu ukishasema maoni yako hakuna atakayekupinga. Aliyekuamsha bure mshukuru kwa jina lake.

Na cheklisti ya upasuaji ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008, kabla ya kukata kila mtu anataja jina lake na kazi yake. Watu wanairuka hiyo sehemu wakisema tunajuana. Mtu aliyeshatoa sauti yake mara moja kwenye chumba ni rahisi aitoe tena. Ilijaribiwa hospitali nane duniani na moja ilikuwa hapa jirani, Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini lazima niseme pia kwamba Ontario, Kanada, walipoilazimisha hospitali 101, matokeo ya 2014 hayakuonyesha tofauti ya maana. Mimi naamini karatasi iliyojazwa bila watu kuongea haifanyi kitu, ila hilo ni imani yangu, siwezi kukuapia.

Mashaka yangu mengine ni makubwa zaidi. Wodi yenye masista wawili na wagonjwa arobaini, dawa hakuna, mshahara umechelewa, nikienda pale kuongelea heshima kazini najua wananiangalia vipi na wana haki. Tabia nzuri haileti damu kwenye friji. Na kuna yule mtu ambaye umeongea naye kando mara tano na bado anaacha dripu zinakauka. Huyo anahitaji barua na hatua, na kuandika barua kwa utulivu ndio ukali ninaoukubali, kwa sababu unagusa kazi na una mwisho.

Yule daktari wa makofi nilimfuata wakati wa chai. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho sista alimwambia amekosea. Alifikiria kwa muda mrefu, kikombe mkononi, akasema hakumbuki. Halafu akaniuliza sasa aanzie wapi, na aliuliza kwa moyo kabisa. Kwao kikao cha kujadili vifo vya akina mama kiko Ijumaa saa mbili asubuhi. Tumekubaliana sista wa zamu ya usiku ndiye atafungua, atasema alichokiona, daktari mwenyewe atakaa pembeni na daftari na hatamkatiza mpaka amalize. Ameniambia atanipigia jioni.