"Kopesa macho, bibi": neno moja lililonichelewesha

Bibi mmoja kutoka Kongwa aliketi mbele ya darubini yangu ya kupimia macho, kidevu kakiweka mahali pake. Tulishasalimiana, shikamoo na marahaba. Nikamwambia, "Sasa bibi, kopesa macho." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Nimkopeshe nani, mjukuu wangu?"

Kukopesa macho si kosa. Neno limo kwenye kamusi, lina undugu na kope, na maana yake ni kufumba na kufumbua haraka. Nililipenda tangu chuoni. Lakini kwa sikio la watu wetu huku Dodoma linagusana mno na mkopo. Siku hizi nasema pepesa. Linafaa kwenye ripoti ya kitabibu, na mtaani kila mtu analo: anayetaka kusema jambo zito bila woga, awe bungeni au kijiweni, hulisema "bila kupepesa macho".

Maneno ya jirani hayalingani nalo. Kukonyeza ni kwa jicho moja, tena kwa makusudi, kumpa mtu ishara. Ukimwambia mgonjwa "fumba", atafumba na kungoja umwambie afumbue. Kupepesa ni macho yote mawili, mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika, mwenyewe hana habari.

Na kazi yangu imo humo humo. Kila kope inaposhuka hutandaza machozi juu ya jicho. Kiangazi chetu, na upepo wake wa vumbi, huyakausha upesi. Kwa hiyo natia tone la rangi ya chungwa, nawasha mwanga wa buluu, machozi yanang'aa kijani. "Pepesa mara tatu, kisha usipepese." Naanza kuhesabu. Madoa meusi yakijitokeza kabla ya sekunde 10, machozi hayo hayakai. Mgonjwa akifumba badala ya kupepesa, hesabu yote imeharibika.

Kwa yule bibi shida ilikuwa nyingine: vikope, yaani trakoma. Kongwa ugonjwa huu unachunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1980. Bakteria wake husafiri kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ndani ya kope hubaki makovu. Miaka ikipita makovu yanaivuta kope ijikunje kwa ndani, nywele zake ziguse kioo cha jicho. Hapo kila kupepesa ni mkwaruzo.

"Pepesa, bibi. Mara moja tu."

"Aa, hilo! Ndilo linaloniumiza. Kama nimetiwa mchanga."

Akapepesa. Kope ya juu ikashuka, nikaziona nywele nne, nyeupe, zimelala juu ya kioo cha jicho, zikakiburuza kwenda chini na kurudi juu. Siku hiyo hiyo nikamwandikia rufaa ya upasuaji wa kuigeuza kope.