Foleni kwanza, treni baadaye: siku ya Alton Towers na watoto wakubwa

Shule zikikaribia kufungwa, simu yangu haitulii. "Dada, tunataka kuwapeleka watoto kwenye rola kosta, tuanzie wapi?" Wanaopiga ni jamaa wa hapa Leicester, Uingereza, wengi Waswahili kama mimi, na wanajua kwamba kabla ya kuingia kazi ya ofisini nilifanya misimu mitano ya kiangazi nikiendesha rola kosta, zile treni za kupanda juu na kuporomoka kwa kasi, kwenye bustani moja ya burudani. Nami huuliza: watoto wana umri gani? Wakiwa wa miaka mitano sita, mimi si wa kuulizwa, maana hao hufurahi hata wakiona bata bwawani. Wakiwa wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita, vuta kiti tuzungumze.

Mtoto mkubwa hakuja kutazama. Amekuja kupanda, na jioni kwenye gari atahesabu amepanda mara ngapi. Sasa fanya hesabu hiyo mapema kuliko yeye. Kupanda kwenyewe, kwenye treni nyingi kubwa, hakufiki dakika tatu. Foleni mchana wa Jumamosi ya Agosti inaweza kula saa nzima. Ukiingia saa nne asubuhi na kutoka saa kumi na moja, una saa saba. Ukila, ukaenda chooni, ukapotezana na mtu mmoja, umebakiwa na foleni tano. Familia imelipa tiketi, imelipa mafuta, imelipa maegesho, kwa dakika kama kumi na tano za kupiga kelele. Ndiyo maana nasema ramani ya bustani ni ya kujua choo kiko wapi. Siku yenyewe ipange kwa foleni.

Nichukue Alton Towers, bustani ya burudani iliyoko Staffordshire, kwa sababu ndiko wengi wetu huenda: kutoka Leicester ni safari ya saa moja na kitu, unashika barabara ya M1 kisha A50. Mle ndani kuna treni iitwayo Nemesis, iliyofunguliwa mwaka 1994 (tangu 2024 jina lake ni Nemesis Reborn, lakini sisi bado tunaiita Nemesis). Viti vyake vinaning'inia chini ya reli, miguu yako inaelea. Treni moja ina safu nane za watu wanne, yaani watu 32. Tuseme inatoka kituoni kila sekunde 75. Kwa saa moja zimetoka treni 48, watu 1,536. Sasa mmoja anasimama kutafuta pa kuweka mkoba, mwingine anavua miwani, anaivaa, anaivua tena, yule wa nyuma anataka kubadilishana kiti na rafiki yake. Treni inaanza kutoka kila dakika mbili. Zimekuwa treni 30, watu 960. Karibu watu mia sita wamebaki foleni, na hakuna kilichoharibika. Ni mikoba tu.

Nimesimama kituoni misimu mitano nikiyaangalia hayo. Watu hulaumu mtambo, kumbe mtambo unawasubiri wao.

Kwa hiyo usiogope urefu wa foleni, angalia mwendo wake. Oblivion, ile ya mwaka 1998 inayokusimamisha ukingoni ukitazama shimo chini kisha inakuachia, hubeba watu 16 tu kwa safari. Lakini vigari vyake hufuatana upesi, kwa hiyo foleni yake hutembea kuliko unavyodhani. Ukitaka kupima, fanya hivi. Mkifika mwisho wa foleni, tafuta mtu mwenye kitu cha kumtambulisha, kofia nyekundu tuseme, aliyesimama penye nguzo fulani huko mbele. Tazama saa, kisha hesabu kwa macho watu walio kati yenu. Wewe ukifika kwenye nguzo ile, tazama saa tena: sasa unajua foleni inameza watu wangapi kwa dakika. Kazi hii mpe mtoto. Mwanangu wa miaka kumi na mitatu, ambaye hisabati ya shule humtoa machozi, hufanya hesabu hii bila kuambiwa, kisha huniletea na nyingine: Shangazi fulani kasema foleni ya kule ni dakika arobaini, programu ya simu inasema thelathini, twende.

Saa ya kwanza ndiyo dhahabu. Kuwa getini kabla halijafunguliwa, tena huku tiketi mmeshanunua mtandaoni, ambako huwa ni nafuu kuliko kununua pale pale. Sasa hapa Alton Towers kuna jambo la pekee. Zamani palikuwa makazi ya kabaila, Earl of Shrewsbury. Jumba lake bado lipo, nusu gofu, na bustani zake za maua ziko bondeni katikati. Mitambo hairuhusiwi kuchomoza juu ya miti, isije ikaharibu mandhari ya vijiji vya jirani. Ndiyo maana Nemesis ilichimbiwa ndani ya mwamba badala ya kupandishwa juu angani. Matokeo yake ukiingia huoni kitu cha maana kwa mbali, na watu wasioona mbali hufuata mgongo wa mtu aliye mbele yao. Wanaishia penye mtambo wa karibu. Nyinyi nendeni moja kwa moja mpaka upande wa mbali, penye Nemesis na treni nyingine iitwayo Galactica, halafu mrudi taratibu kinyume cha umati. Ni mwendo mrefu na una vilima, lakini asubuhi miguu bado ina nguvu, na hawa ni watoto wa miaka kumi na mitano, si wa kubebwa mgongoni.

Kabla ya yote hayo, nyumbani, wapime kimo. Treni kubwa za pale, Nemesis, Oblivion, Galactica, Rita na The Smiler, zote zinataka sentimita 140. Wicker Man ya mbao na ile Th13teen zinataka 120. Kizuizi kinachokushika kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, na asiyefika anaweza kuchomoka. Umri hauingii hapo. Nimewahi kuoneshwa pasipoti na mama mmoja aliyekasirika: "Huyu ana miaka kumi na miwili, tazama mwenyewe!" Kweli alikuwa nayo. Mtoto huyo alikuwa pia na soksi zilizokunjwa ndani ya viatu, nikaziona alipotembea, anachechemea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Mtoto alipanga foleni dakika hamsini akarudishwa mbele ya wenzake. Chora mstari kwa penseli mlangoni, avae viatu atakavyovaa siku hiyo, asimame wima. Kama hafiki, ajue akiwa nyumbani.

Wenye mabinti wanaovaa hijabu, mtandio mrefu unaoning'inia usiupeleke. Utaambiwa uuvue au uufunge vizuri, na kubishana na mwendeshaji hakufai kwa sababu kitambaa na magurudumu havipatani. Hijabu ya michezo, ile ya kuvutwa kichwani bila pini, inamaliza mambo. Pini nazo ziacheni: kizuizi kikishuka mabegani kinaigandamiza pini shingoni.

Mchana, kati ya saa sita na saa tisa, ndipo foleni huvimba. Na Julai huku Adhuhuri huingia saa saba na dakika kama kumi. Sisi hushuka kwenye zile bustani za kabaila, ambako vijana wengine hawana habari nako, tunatandika kanga nyasini, tunaswali, tunakula tulichobeba, tunajinyoosha. Lakini pilau ya nyama saa saba halafu The Smiler saa nane, hapana. Treni ile, iliyofunguliwa 2013, inakupindua kichwa chini mara 14, na hakuna duniani inayoizidi kwa hilo. Chapati kavu na tunda vinatosha. Anayetaka kubaki ndani ya saa hizo za joto akapande vyombo vya maji. Kuna mashua za duara zinaitwa Congo River Rapids. Mto Kongo, ndiyo! Kaka yangu aliyekuja kutoka Kigoma aliangalia ule mfereji akasema huo ni wa kuoshea miguu. Alitoka amelowa mpaka kwenye pochi.

Hofu nayo ina utaratibu wake. Vijana wa kiume hasa hawasemi. Mwendeshaji huwajua kwa mikono: anacheka na wenzake, lakini vidole vimeshika kizuizi mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu, miaka kumi na mitano, alishuka uwanja wa ndege akitamba kwamba Tanga nzima hakuna mwoga kama... yaani hakuna jasiri kama yeye. Tulipokaribia Oblivion akanivuta kanga pembeni: "Shangazi, mimi nalinda mabegi." Nikamwambia sawa, linda. Sikumcheka na nilimkata jicho mwanangu asimcheke. Tukampeleka kwanza Wicker Man, ambayo inatikisika na kupiga kelele kuliko inavyotisha, kisha Th13teen, ambayo sitasema mwishoni hufanya nini. Saa kumi alikwenda Oblivion mwenyewe. Ujue pia kwamba karibu kila foleni ina mlango wa kutokea karibu na kituo, kwa aliyebadili nia. Mwoneshe mlango huo mapema, na mara nyingi hatautumia. Mwenye wasiwasi akae safu za katikati. Mbele unaona kila kitu kinachokuja. Nyuma unavutwa: sehemu ya mbele ya treni imeshaanza kuanguka wakati wewe bado uko juu kilimani, kwa hiyo unapita ule ukingo kwa kasi zaidi. Wapenzi wa rola kosta hupigania nyuma.

Kuna mzazi ambaye huuliza kwa sauti ya chini kuhusu ajali. Ni haki yake. Juni 2015 treni mbili ziligongana kwenye The Smiler, wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja, na mwaka uliofuata mahakama ilitoza faini ya pauni milioni 5. Reli hizi hugawanywa vipande, na mtambo hauruhusu treni kuingia kipande ambacho kina treni nyingine. Siku ile mtambo ulisimamisha treni, mafundi wakadhani umekosea, wakaupuuza. Kwa hiyo unapoona treni imesimama katikati na watu wameambiwa wasubiri nusu saa, usikunje uso kwa yule kijana mwenye redio. Kusimama ndiko unakotaka mtambo ukuweke salama. Toka foleni, nenda kwingine, rudi baadaye.

Watoto wa umri huu waache watembee wawili wawili au watatu. Kama kuna foleni ya watu mmoja mmoja, ya kujaza viti vilivyobaki, wataipenda, huwa inakwenda upesi ingawa watatengana. Ila mpange mahali pa kukutana na saa ya kukutana, na hapo nina aibu yangu. Niliwaambia kwa Kiswahili safi: "Saa sita, pale pale tulipoingilia." Mpwa wangu wa Tanga alikuja adhuhuri kama mshale. Mwanangu aliyezaliwa Leicester alisikia sita, akaelewa sita ya Kiingereza, yaani jioni, na simu yake ilikuwa imeisha chaji kwa kutazama muda wa foleni. Nilizunguka bustani ile saa mbili nzima nikiwa na miguu inayowaka. Nilimkuta Rita, amepanda mara tatu, anakula aiskrimu, ananishangaa. Tangu siku hiyo saa tunaandika kwenye mkono kwa kalamu, kwa tarakimu, na betri ya akiba inakaa kwa mtoto, si kwangu.

Siku ya kwenda: katikati ya wiki. Sisi wa Leicester tuna bahati, maana shule nyingi za hapa hufunga mapema kidogo mwezi Julai kuliko sehemu nyingi za Uingereza, na siku zile za mwanzo, watoto wa wenzetu wakiwa bado darasani, ndizo za kukimbilia. Tiketi ya njia ya haraka, ile ya kuruka foleni, siku kama hizo ni kutupa pesa. Ya Agosti sibishani nawe. Mvua ya rasharasha isikurudishe, inawafukuza wengine. Radi na upepo mkali ndivyo vinavyofunga mitambo.

Na mwisho wa siku msiwahi kutoka. Bustani nyingi hufunga mlango wa foleni saa ya kufunga ikifika, lakini aliye ndani ya foleni hupandishwa. Kwa hiyo dakika kumi kabla, ingieni kwenye ile mliyoipenda zaidi. Mkitoka, kila mtu atakuwa amejazana kwenye barabara ya kutokea, mataa mekundu mpaka kona ya mwisho. Sisi hufungua buti. Chupa ya chai ya tangawizi na maandazi huwa viko mle tangu asubuhi, mkebe umefungwa kwa kitambaa, na tunakula tumekaa ukingoni mwa gari huku watoto wanabishana kama Wicker Man ya pili ihesabiwe au isihesabiwe, maana ilisimama njiani.