Povu jingi si kipimo cha sabuni ya gari

Wengi huamini kwamba sabuni ya unga au ya vyombo ndiyo inayong'arisha gari, kwa kuwa ina povu jingi na hukata mafuta. Mafuta yanakatika kweli. Shida ni kwamba nta inayokinga rangi nayo huondoka, na chembe za unga zisizoyeyuka zinaweza kukwaruza. Kuosha mara moja hakuharibu rangi. Mazoea ya kila wiki ndiyo yanayoiacha bila kinga dhidi ya jua na kinyesi cha ndege.

Jipimie mwenyewe: mwagia maji boneti iliyo safi. Yakijikusanya kuwa matone ya duara, kinga ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Mulika pia tochi ya simu kwa karibu uone mikwaruzo myembamba. Hiyo mara nyingi huletwa na mchanga kuliko sabuni, kwa hiyo suuza vumbi kwanza kwa maji mengi, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Tumia ndoo 2: moja ya shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa, malizia chini ya milango. Magurudumu yawe na kitambaa chake.