Isibhaha: dawa haiko kwenye gome peke yake

Wiki iliyopita nimelisikia tena. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi hapa kitaluni KwaZulu-Natal, aliushika mche wa isibhaha, akaugeuzageuza, akaurudisha mezani. "Huu bado mtoto. Mpaka uwe na gome la kuchuna, mimi nitakuwa nimeshazikwa. Na majani hayana kitu."

Majani hayana kitu! Nimeshachoka kulisikia neno hilo, maana ndilo linaloumaliza mti huu. Isibhaha, kitaalamu Warburgia salutaris, unahesabiwa Afrika Kusini kuwa mti ulio hatarini kutoweka, na kisa chake ni gome. Watu hulitafuna au kulichemsha kwa kikohozi na mafua, wengine huvuta ungaunga wake puani. Ukienda soko la dawa za asili la Warwick, Durban, au Faraday kule Johannesburg, utakuta vipande vyake vimepangwa chini. Waulize wauzaji vinatoka wapi: siku hizi vingi huvushwa kutoka Msumbiji, kwa sababu miti ya karibu imeshachunwa ikakauka.

Wakati huohuo majani yanadondoka bure. Gome la isibhaha huwasha kwa sababu ya kemikali kama poligodiali na warburganali. Watafiti wa Pietermaritzburg walipoyalinganisha magome na majani, zaidi ya miaka 20 iliyopita, walikuta yanafanana sana kikemia. Nguvu hutofautiana mti na mti, ni kweli, lakini hata magome ya miti miwili hayalingani.

Mzee hakutaka maneno ya maabara, basi nikachuma jani moja lililokomaa nikampa atafune. Kwanza alikunja uso kwa uchungu. Akanyamaza. Kisha moto ukamshika ulimini, ukashuka kooni, macho yakamlenga machozi. "Kumbe ndiyo yenyewe," akasema, na akaondoka na miche miwili. Ninachowaambia wote ni hiki: punguza vitawi, chuma majani yaliyokomaa, anika kivulini, hifadhi. Mti unabaki umesimama na mwakani unakupa tena.

Wateja wengine huniambia, "Gome litaota tena." Kovu dogo upande mmoja wa shina linaweza kuziba. Ukichuna mzunguko mzima umeua, kwa sababu sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome la ndani. Ukiikata njia hiyo, mizizi inakufa njaa. Mti waweza kubaki kijani kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo mchunaji anapodanganyika: aliuacha mzima, akirudi anakuta kuni, anasingizia ukame.

Wengine huuliza, "Si ni jamaa ya pilipili manga?" Hapana, wala ya mdalasini. Pilipili manga ni wa familia ya Piperaceae, mdalasini Lauraceae. Isibhaha ni Canellaceae, familia ndogo yenye ndugu wengine Madagaska na visiwa vya Karibi. Ukali wa ulimini hauthibitishi udugu.

Wateja wangu kutoka Kenya nao husema huu ni muthiga wa kwao. Hapo wamekaribia. Muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi, ni Warburgia ugandensis: jenasi moja, spishi nyingine. Pwani ya Kenya na Tanzania yupo ndugu wa tatu, Warburgia stuhlmannii. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja ana kwao, kwa hiyo tafadhali msinivushie mbegu mpakani.

Na anayeniambia isibhaha unatibu malaria, namjibu kwa kifupi: homa ikipanda, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kemikali kuua vimelea ndani ya chupa ya maabara si sawa na mgonjwa kupona.

La mwisho ni la wanaolalamika kwamba mbegu nilizowapa ni mbovu. Hazikuwa mbovu, mlizikausha. Mbegu za isibhaha hazivumilii kukaushwa na kuwekwa kwenye bahasha kama za mahindi. Subiri tunda la kijani ligeuke zambarau iliyokolea, lipasue, osha nyama yote itoke, panda wiki hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, kivulini.