Nyumba za bure kwa askari wastaafu: ujumbe huo si wa kweli

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Masasi na Nachingwea: kwamba kila askari mstaafu asiye na makazi, hasa aliyepigana Vita vya Kagera vya 1978–1979, anajengewa nyumba na serikali. Atume tu namba ya kitambulisho na ada ya fomu.

Si kweli. Mstaafu aliyetimiza masharti hulipwa pensheni, na pensheni ni fedha, si nyumba. Mzee asiye na pa kuishi wala wa kumtunza aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Makazi ya wazee wasiojiweza yapo, ila Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 huyaona kuwa njia ya mwisho, baada ya familia na jamii.

Nadhani mkanganyiko unatoka mbali. Marekani ina mpango wa kuwasaidia wanajeshi wa zamani wasio na makazi kulipa kodi ya nyumba, na hata huko mpangaji huchangia kulingana na kipato chake. Habari ikitafsiriwa nusunusu, neno “Marekani” linadondoka njiani.

Utazame ujumbe wenyewe: hauna tarehe wala wilaya, lakini namba ya kutumia pesa ipo, tena ya mtu binafsi. Jirani yangu, mzee wa watu, alinionyesha simu huku ameshika noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, yuko njiani kwenda kwa wakala. Iliniuma sana.

Ukiupata, tafadhali usiusambaze. Mwambie kwa upole aliyekutumia.