Kifurushi kimoja, kasi tofauti: kwa nini intaneti ya nyumbani haifanani

Nyumba mbili zinapakana ukuta. Zote zimelipia kifurushi cha megabiti 100 kwa sekunde, kwa mtoa huduma yule yule na kwa bei ile ile. Huku video inafunguka papo hapo, kule mkutano wa mtandaoni unakatikakatika na nyuso zinaganda kwenye kioo. Anayesumbuka hujiambia kwamba anaibiwa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, kasi aliyoilipia inapotea mahali fulani njiani, na mahali hapo panaweza kutafutwa na kujulikana.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana malalamiko mengi huzaliwa hapo. Kasi ya intaneti ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja, nayo hutangazwa kwa megabiti. Programu nyingi za kupakua mafaili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu. Faili la gigabaiti moja litachukua sekunde 80 hata kama kila kitu kinakwenda sawasawa. Ukiona 12 kwenye kioo huku umelipia 100, hujapunjwa.

Data haitoki kwa mtoa huduma ikaingia moja kwa moja kwenye simu yako. Inatoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutuma data ya tovuti au programu unayotumia, inapita kwenye mitandao ya kampuni kadhaa, inafika kwenye kituo kinachohudumia mtaa wako, inaingia nyumbani kwa waya au kwa mawimbi, inapokewa na ruta, kisha ruta inairusha kwa Wi-Fi. Kila kipande cha njia hiyo kina uwezo wake. Kasi unayoiona wewe ni ile ya kipande kilicho chembamba kuliko vyote kwa saa hiyo. Majirani wawili wanaweza kuwa na kifurushi kimoja, lakini kipande chembamba cha huyu kikawa mtaani na cha yule kikawa sebuleni kwake.

Kwenye waya wa shaba wa simu, jambo kubwa ni umbali. Teknolojia ya ADSL2+ ina ukomo wa megabiti 24 kwa sekunde, na hizo huzipata aliye karibu na kituo. Mawimbi hufifia kadiri yanavyosafiri ndani ya shaba, na yale ya masafa ya juu, yaani yanayotetema haraka zaidi, ambayo ndiyo yanayoongeza uwezo wa kubeba data, hufifia mapema zaidi. Kilomita nne au tano kutoka kituoni hubaki megabiti chache tu. Umbali unaohesabika ni urefu wa waya, si mstari ulionyooka kwenye ramani: waya unaweza kuzunguka mitaa mitatu kabla ya kuingia kwako, wakati nyumba iliyo ng'ambo ya barabara inahudumiwa na kabati jingine la vifaa vya simu lililo jirani kabisa. Ongeza viungo vilivyoshika kutu, unyevu, na mwingiliano wa nyaya nyingi zilizofungwa pamoja, upate picha kamili ya kwa nini hakuna laini mbili za shaba zinazolingana.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, imeondoa sehemu kubwa ya tatizo la umbali. Mwanga husafiri hadi kilomita 20 kwenye mtandao wa kawaida wa GPON (aina ya faiba inayogawanywa kwa nyumba nyingi) bila aliye mwisho kupata kasi ndogo kuliko aliye mwanzo. Kinachobaki ni kugawana. Unyuzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa na kifaa kidogo kisichotumia umeme ili uhudumie nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Uwezo wa unyuzi huo kwa upande wa kupakua ni takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde. Ukizigawa kwa nyumba 32, kila moja inapata kama megabiti 78. Kwa nyumba 64, kama 39. Na bado nyumba zote hizo zimeuziwa megabiti 100, pengine hata 500.

Huo si wizi. Mitandao yote ya umma hujengwa kwa kutegemea kwamba watu hawapakui wote kwa sekunde ile ile. Anayesoma habari huvuta data kwa kitambo kifupi kisha laini inakaa kimya, na hata anayetazama video huipokea kwa mafungu. Shida huanza pale mtoa huduma anapouza zaidi ya kile ambacho mtandao wake unaweza kuhimili saa za jioni, kila nyumba inapowasha televisheni. Hapo lawama ni halali, nami nasema mteja asikubali kuambiwa azime ruta na kuiwasha tena kila usiku kana kwamba ndiyo dawa. Msongamano wa mtaani hautibiwi na ruta ya mtu mmoja. Unatibiwa kwa kupunguza nyumba kwenye unyuzi mmoja au kuongeza uwezo wa kiungo kinachotoka kituoni.

Wanaotumia intaneti ya mnara, iwe 4G au 5G, hugawana pia, ila wao wanagawana hewa, na mgawanyo wenyewe si sawa. Aliye karibu na mnara na asiye na kizuizi hupokea mawimbi safi, hivyo kila sehemu ya sekunde hubeba data nyingi. Aliye nyuma ya jengo refu hupewa muda ule ule lakini data kidogo, kwa sababu mnara unalazimika kutumia lugha rahisi zaidi ili asikike bila makosa. Kusogeza ruta kutoka kona ya chumba hadi dirisha linalotazama mnara kunaweza kubadili kasi kabisa bila kulipa chochote. Setilaiti nazo zina yake. Ile inayoonekana kusimama angani, kilomita 35,786 juu ya ikweta, inaweza kuleta megabiti za kutosha, lakini ombi na jibu lake vinahitaji karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, hata kwa mwendo wa mwanga. Za karibu, kama za Starlink zinazozunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, zimepunguza sana ucheleweshaji huo. Ndiyo maana nyumba mbili zenye megabiti sawa zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa kwenye simu ya video: kasi ni kitu kimoja, ucheleweshaji ni kingine.

Sasa tuingie ndani, maana kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kasi inayolalamikiwa hupotelea ndani ya kuta za nyumba. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri kiasi, lakini katika nchi nyingi ina chaneli, yaani njia za mawimbi, tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye jengo la ghorofa lenye ruta ishirini, chaneli hizo tatu zinagombaniwa na wote, na tanuri la mikrowevu nalo hufanya kazi kwenye masafa hayo hayo. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi na kasi zaidi, ila ukuta wa zege wenye nondo huinyong'onyeza upesi. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la chuma imeshapoteza sehemu ya nguvu zake kabla ya kumfikia yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja huzungumza kwa zamu, kama watu barazani. Mzungumzaji mmoja akiwa na kigugumizi, wote wanamsubiri amalize. Simu ya zamani iliyo chumba cha mwisho, inayopokea mawimbi hafifu, hutumia muda mrefu kuvuta data kidogo, na muda huo umekatwa kwa laptopu mpya iliyo mezani karibu na ruta. Nyumba yenye vifaa vinne vipya na nyumba yenye vifaa kumi na vitano vya kila umri haziwezi kulingana, hata kama faiba yao ni moja.

Waya nao hudanganya. Chukua nyumba iliyolipia megabiti 300. Kompyuta imeunganishwa na ruta kwa kebo, na kila kipimo kinaleta 94: asubuhi 94, mchana 94, usiku wa manane 94. Namba hiyo isiyotikisika inaeleza mengi. Msongamano ungeifanya ipande na kushuka. Tisini na nne ndiyo kinachobaki kwenye kiungo cha megabiti 100 baada ya kuondoa data ya uendeshaji, ile inayoongoza safari ya data yako. Maana yake ni kwamba kompyuta na ruta vimekubaliana kutumia kasi hiyo, ama kwa sababu mojawapo ina tundu la kizamani, ama kwa sababu kebo ina tatizo. Kiungo cha gigabiti kinahitaji nyaya zote nane zilizo ndani ya kebo. Ukikatika mmoja, au kichwa cha plastiki kikibanwa vibaya, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi 100, ambayo inahitaji nyaya nne tu. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa onyo. Kama kosa ni la kebo, kuibadili kunarudisha zile 200 zilizopotea, na mtu huenda alikuwa tayari kununua kifurushi kikubwa zaidi ambacho kisingemsaidia lolote.

Upande wa kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani, husahaulika. Vifurushi vingi, hasa vya shaba na vya kebo ya televisheni, vina kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Simu moja ikianza kutuma picha na video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, njia hiyo ndogo hujaa, na kila kinachotaka kutoka nyumbani hupanga foleni ndani ya ruta. Hata kupakua huathirika, kwa sababu kila fungu linalopokewa huhitaji taarifa ya kurudi kwamba limefika.

Halafu kuna neno "hadi" kwenye matangazo. "Hadi megabiti 100" linataja dari, na nani anaifikia ni suala jingine. Uingereza ilibana kanuni zake za matangazo Mei 2018: kabla ya hapo kampuni iliweza kutangaza kasi inayopatikana kwa asilimia 10 tu ya wateja, na sasa inatakiwa ipatikane kwa angalau nusu yao kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Ni hatua nzuri, ila nusu nyingine bado inaweza kupata pungufu. Na vifurushi vingine vina kikomo cha matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani cha data, kasi inashushwa kwa makusudi hadi mwezi uishe.

Kujua kipande chako chembamba kiko wapi, pima kwa kebo kwanza, vifaa vingine vikiwa vimezimwa au kukatwa kwenye Wi-Fi, alfajiri na usiku, kwa siku kadhaa. Kebo ikiwa nzuri na Wi-Fi mbaya, tatizo liko nyumbani. Kebo ikiwa nzuri alfajiri na mbovu usiku, ni msongamano wa mtoa huduma. Ikiwa mbovu saa zote, kagua kebo na tundu kama nilivyoeleza, kisha laini inayoingia nyumbani na masharti ya kifurushi. Na kama vipimo vyote vinapendeza lakini tovuti moja tu inasuasua, kumbuka kwamba programu za kupima kasi mara nyingi huchagua seva iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenyewe, kwa hiyo hazisemi lolote kuhusu njia iliyobaki. Andika saa na namba za kila kipimo ulichochukua kwa kebo. Fundi wa simu ya huduma kwa wateja akikuambia tatizo ni Wi-Fi yako, hizo ndizo namba za kumsomea.