Mazungumzo ya amani si kusalimu amri

Imekuwa mazoea sasa. Serikali ikikaa meza moja na waasi wa kikomunisti, tunatangaziwa kwamba waasi "wameanza kusalimu amri". Bunduki zikinyamaza wiki mbili, tunaambiwa amani imepatikana. Rais akitangaza msamaha, nao unaitwa mkataba. Mambo manne tofauti yanatiwa kapu moja, na msikilizaji anabaki hajui kama vita vimeisha, vimesimama au vinaendelea.

Maana zenyewe ni fupi. Kusitisha mapigano ni kuacha kupigana kwa muda, hata kama ugomvi uko palepale. Msamaha ni uamuzi wa serikali peke yake, inayoahidi kutomshtaki atakayetoka msituni. Kusalimu amri ni kukiri kushindwa na kukabidhi silaha kwa masharti ya mshindi. Mazungumzo ya amani ni majadiliano ya pande mbili, ambazo hakuna iliyokwisha kushindwa, kuhusu kile kilichozifanya zipigane. Mara nyingi nchi ya tatu au Umoja wa Mataifa huwa shahidi.

Linalonisumbua hasa ni hilo la kusalimu amri, na kwenye vita vya wakomunisti ndiko linakopotosha zaidi. Waasi wanaotaka kujitenga wanaweza kupewa jimbo lenye mamlaka yake ya ndani, wakaridhika. Wakomunisti hawadai kipande cha nchi. Wanadai ardhi igawiwe wakulima, ufalme uondoke, katiba iandikwe upya, yaani wanataka dola yenyewe ibadilike. Kwa hiyo ugomvi wa kwanza mezani huwa juu ya utaratibu: yaanze mageuzi au zianze silaha? Serikali kwa kawaida hutaka silaha zitangulie. Waasi huona kwamba wakishazitoa, hakuna atakayewasikiliza kesho yake. Mazungumzo yanaweza kufia hapo kabla hata ardhi haijatajwa.

Ndivyo ilivyokuwa Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Tarehe 28 na 29 Desemba 1955, katika shule moja mjini Baling, kaskazini mwa nchi, Chin Peng wa Chama cha Kikomunisti cha Malaya alitoka msituni kuonana na Tunku Abdul Rahman, aliyekuwa waziri kiongozi. Tunku alikuja na msamaha. Chin Peng alitaka chama chake kitambuliwe kisheria, na watu wake wasiwekwe kizuizini kwa ajili ya kuhojiwa. Upande mmoja ulikuja kupokea silaha, mwingine ulikuja kujadiliana, na siku mbili zikaisha hivyo. Chin Peng akarudi msituni. Mkataba ulikuja kutiwa saini mjini Hat Yai, kusini mwa Thailand, tarehe 2 Desemba 1989. Huo ulisema wakomunisti watavunja vikosi vyao na kuziharibu silaha zao, jambo lililo mbali na kuzikabidhi kwa mshindi. Kati ya Baling na Hat Yai kuna miaka 34, na watu waliendelea kufa humo katikati.

Nepal ndiyo inayofundisha zaidi. Februari 1996, wakomunisti wa Kimao, yaani wafuasi wa fikra za Mao Zedong wa China, kupitia Baburam Bhattarai, walimpelekea waziri mkuu Sher Bahadur Deuba madai 40. Tarehe 13 mwezi huohuo wakaanza vita. Mapigano yalisitishwa mwaka 2001, yakasitishwa tena 2003, na mara zote mbili yakarudi. Wanaochukulia usitishaji kuwa ndio amani watasema waasi ni watu wasioaminika. Lakini tazama kilichokuwa mezani mara zote mbili: Wamao walitaka Bunge Maalum la Katiba, wananchi wachague watu wa kuandika katiba mpya, na serikali ilikataa. Bunduki zilinyamaza huku swali likiwa halijajibiwa. Mwaka 2006, baada ya maandamano makubwa kumlazimisha mfalme Gyanendra kurudisha bunge, dai hilo likakubaliwa. Tarehe 21 Novemba mwaka huo, Girija Prasad Koirala kwa niaba ya serikali na Prachanda kwa niaba ya Wamao wakatia saini mkataba wa amani.

Na silaha je? Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana habari nyingi zilisema Wamao "wamekabidhi silaha". Wakati huo hawakumkabidhi mtu. Wapiganaji waliingia katika kambi kuu saba, kuanzia Kailali magharibi hadi Ilam mashariki, na silaha zao zikafungiwa ndani ya makontena humohumo kambini. Umoja wa Mataifa ulikuwa mwangalizi, lakini funguo zilibaki mikononi mwa Wamao wenyewe. Jeshi la Nepal nalo lilitakiwa kufungia silaha zake kwa idadi ileile, chini ya uangalizi uleule. Jeshi la serikali linalokubali kufunga bunduki zake kwa idadi sawa na za waasi halijapokea watu waliosalimu amri. Limekubali kwamba mbele yake kuna upande wa pili.

Umoja wa Mataifa uliwathibitisha wapiganaji 19,602. Aprili 2008 uchaguzi wa Bunge Maalum ulifanyika na Wamao wakaongoza kwa viti, Mei ufalme ukafutwa, na Agosti Prachanda akawa waziri mkuu. Tangu lini aliyesalimu amri akakabidhiwa serikali? Wapo wanaodai basi serikali ndiyo iliyosalimu amri. Nao pia wamekosea. Wamao waliacha kudai dola ya chama kimoja, wakakubali kura na vyama vingi, na miaka michache baadaye ni wapiganaji wapatao 1,400 tu walioingia katika jeshi la taifa. Kila upande uliacha kitu ambacho ungekipigania hadi mwisho.

Ufilipino utaratibu huu umeandikwa waziwazi. Chama cha Kikomunisti kiliundwa upya Desemba 1968, na jeshi lake, New People's Army, Machi 1969. Septemba 1992, huko The Hague, serikali na upande wa wakomunisti walikubaliana ajenda nne: haki za binadamu na sheria za vita, mageuzi ya uchumi na jamii, mageuzi ya siasa na katiba, kisha kumaliza mapigano na hatima ya vikosi. Silaha ni ya nne. Hadi leo ni ajenda ya kwanza tu iliyozaa makubaliano kamili, mwaka 1998. Kumlaumu mtu kwa kutotoa silaha wakati ya pili na ya tatu hazijakamilika ni kusahau kile ambacho serikali yenyewe ilikitia saini.

Hofu ya wakomunisti wa Ufilipino kutanguliza silaha ina historia. Desemba 1986, serikali ya Corazon Aquino na wakomunisti walisitisha mapigano kwa siku 60. Usitishaji ukiwa bado unaendelea, tarehe 22 Januari 1987, wakulima walioandamana Manila kudai ardhi walipigwa risasi karibu na daraja la Mendiola, wakafa watu 13. Mazungumzo yakavunjika.

Novemba 2023 mchanganyiko huu ulijirudia. Tarehe 22, Rais Ferdinand Marcos Mdogo alitoa tangazo la msamaha kwa waliokuwa wanachama wa vuguvugu hilo la kikomunisti. Siku iliyofuata, mjini Oslo, wawakilishi wa serikali na wa wakomunisti walitia saini taarifa ya pamoja ya kutafuta suluhu ya amani, Norway ikiwa mwezeshaji. Karatasi mbili, zimepishana siku moja, na wengi wamezisimulia kama moja. Ya kwanza ni ya upande wa serikali peke yake, na inamhusu mtu mmojammoja anayeamua kuomba. Ya pili ni ya pande mbili, na haina usitishaji mapigano wala ukabidhi wa silaha ndani yake. Kwa hiyo tukiitaja taarifa ya Oslo, tuseme walikubaliana kurudi kujadiliana. Hicho ndicho kilichotiwa saini.